Jumanne ya Tisini na Mbili

Asante, Havijawa. Naanza na neno hilo kwa sababu asubuhi hii tumeletewa habari kwamba umekufa, na mimi kwa umri nilionao sina imani na hotuba zinazoweka shukrani mwisho, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao. Ulimtukana mama yangu akiwa amelala ndani ya sanda. Ulimwita mchoyo wa chumvi mbele ya vijiji kumi na kimoja, kisha ukashuka ukalala ndani ya kaburi lake, ukakataa kutoka. Asante sana. Atakayesoma haya akadhani nimerukwa na akili avumilie kidogo, nitamweleza. Asiyeweza kuvumilia aende akachote maji, kazi zipo.

Maishani nimekuwa na swali moja tu, nalo limenisumbua kama jiwe ndani ya kiatu. Mtu anaishia wapi? Watoto wakiulizwa hujishika ngozi, wakasema hapa. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani naishia kwenye uzio wa mama yangu. Baadaye nikadhani naishia pale sauti yangu inapofika nikiita mbuzi. Zipo siku nilizoamka nikiwa na miaka thelathini, nikalala nikiwa na hamsini, na katikati sikujua ni nani aliyekula chakula changu cha mchana. Usinicheke. Ungekuwapo Juu enzi zile za Jumanne, nawe ungesahau umri wako.

Nchi yetu haina jina. Waliokaa kuipa jina waligombana, wakakubaliana iitwe "hapa" mpaka watakapopatana, na mpaka leo tunaiita hapa. Sisi wa Juu tunakaa milimani, kwenye baridi na viazi. Wao wa Bondeni wanakaa chini, kwenye joto na mpunga. Katikati pana korongo lenye mto, na juu ya mto pana daraja moja la mbao. Sisi wa Juu hujiita watu, na wa Bondeni tunawaita vyura. Wao nao hutuita manyani. Hakuna anayekasirika, kwa sababu sisi ni watani, na utani ule ni wa zamani kuliko daraja. Wengine husema babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakakaa chini wakaanza kuchekana. Wengine husema ni habari ya beberu wa mbuzi aliyepotea. Mimi sijali ulianzaje. Najali unavyofanya kazi, nao ni hivi.

Mtu wa Juu akifa, hazikwi na wa Juu. Wa Bondeni ndio wanaopanda kilima wakamwosha, wakamchimbia kaburi, wakampikia mfiwa uji, wakamtukana marehemu mpaka wanaolia wakacheka kwa kwikwi. Siku ya tatu mtani hushika ufagio, akafagia ua, akakunja mikeka, akasema, "Haya, manyani, basi, nendeni shamba." Hapo matanga yameanuliwa na mtu ana ruhusa ya kuishi tena. Kwao mambo ni vivyo hivyo, sisi ndio tunaoteremka. Kazi ya mfiwa ni moja tu, kulia. Na siku ya mazishi mtani anaweza kuchukua chochote cha mfiwa: jogoo, kiti, hata shati lililo mwilini. Mfiwa akinuna, ameaibika yeye na ukoo wake wote, na watoto watatungiwa nyimbo.

Sasa, mdogo wangu Mhoja.

Mhoja tumenyonya ziwa moja. Sitamsema vibaya kupita anavyostahili, wala sitampaka mafuta. Alikuwa na hoja, tena nzito. Barabara ilijengwa ikaishia Bondeni, mita chache kabla ya daraja, na waliotakiwa kuileta huku wakasema milima ni mirefu. Dawa zilifika kwetu zikiwa zimepita muda wake. Mhoja alizika mtoto wake wa kwanza kwa ugonjwa ambao Bondeni watu huumwa wakapona. Ukiwa na uchungu wa namna ile, na watu wanakusikiliza, na una sauti nzuri, unaweza kufanya lolote. Yeye alichukua chokaa akachora Mstari ukingoni mwa korongo, kuanzia mlima wa mawio hadi mlima wa machweo. Darajani akalaza gogo la mninga lililopakwa rangi nyeupe, akaweka walinzi wenye marungu, akatangaza kwamba Juu sasa ni nchi. Vijana wakapiga vigelegele. Akatangaza bendera yetu, wimbo wetu, na siku zetu wenyewe, kwa maana siku za zamani, alisema, zilitoka Bondeni. Kwa hesabu ya Bondeni siku ile haikuwa Jumanne, lakini alisimama juu ya pipa akasema, "Leo ni Jumanne ya kwanza ya Juu!"

Kisha akashughulika na bendera, kama rangi ya kijani ikae juu au chini, akasahau kutangaza Jumatano.

Na hakuna mwingine aliyekuwa na mamlaka ya kuitangaza. Jua lilizama, likachomoza, na ilikuwa Jumanne. Likazama tena, likachomoza, Jumanne. Watu walianza kuzihesabu, Jumanne ya tano, Jumanne ya kumi na nne. Soko la Alhamisi halikufunguliwa. Mwanamke aliyeposwa aolewe Jumamosi alikaa na hina mikononi mpaka hina ikafutika.

Jumanne ya sita akafa mzee mmoja kijiji cha juu kabisa. Walinzi hawakuruhusu vyura kuvuka, wakamzika wenyewe, kimya kimya, kila mtu akiogopa kumtazama mwenzake. Siku ya tatu wakakaa wakisubiri kuambiwa basi. Nani wa kuwaambia? Huwezi kujianulia matanga mwenyewe, ni kama kujinyoa kisogo. Wakaendelea kukaa. Jumanne ya kumi na moja akafa mwingine, kijiji kingine, nao wakakaa. Misiba haina subira. Ilipofika Jumanne ya themanini hakukuwa na kijiji Juu kisicho na watu mikekani, wamejifunika kanga, wanalia kidogo, wananyamaza, wanalia. Viazi viliozea ardhini. Hakuna aliyewakataza kuinuka. Walikuwa hawajui tu namna ya kumaliza.

Mimi wakati huo nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuhamasisha. Wakubwa wa makao makuu, mbali huko nyuma ya Bondeni, walinipa kipaza sauti cha mkononi na hotuba ya kurasa tisa, wakanipenyeza kwa njia ya mbuzi nikawaamshe watu wangu dhidi ya Mstari. Walinichagua kwa kuwa ni mwenyeji. Nilipita kijiji kwa kijiji nikisoma. Enyi wananchi, umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Nilisoma vizuri, nina koo la kuzaliwa nalo. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaniletea maji ya kunywa, wakarudi kulia.

Kijiji cha nne mama mmoja aliinua kichwa mkekani akaniambia, "Mwanangu Nyamizi, maneno yako mazuri. Lakini unaniambia nisimame kwa ajili ya nchi, na mimi hata kwa ajili ya choo nasimama kwa shida. Niko msibani."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Jumanne."

Nikacheka, Mungu anisamehe, na yeye akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula ambacho hakijapikwa siku nyingi. Nilikunja zile kurasa nikaenda kwa mama yangu.

Mama yangu aliitwa Kabula. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage, mwembamba mno, na kila harage alilitazama kwanza kabla ya kulitia kwenye ungo. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba, na kabla sijaketi vizuri akasema, "Nakufa kesho."

"Mama, hakuna kesho. Kesho ni Jumanne."

"Basi nakufa Jumanne, usinisumbue." Akapukuchua mengine mawili. "Sikiliza. Usimwache ndugu yako anizike na bendera yake. Nimeishi miaka yote hii na watu wa Juu, wananisifu tu. Nikipika ubwabwa ukaungua, wanasema mtamu. Nataka kutukanwa na mtu anayenijua. Mwite Havijawa."

"Havijawa yuko ng'ambo ya Mstari."

"Najua aliko. Mama yake nilimzika mimi. Nilimwambia mbele ya wanawe kwamba alikuwa mpishi mbaya na anakoroma, na walicheka wale watoto, walicheka huku machozi yanawatoka. Havijawa alinishika mkono akaniambia, nawe nitakutendea. Sasa nikizikwa bila yeye nitabaki wapi? Mtabaki mmenikalia mkekani milele, ninyi na mimi." Hapo mikono yake ikaacha maharage kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba mama yangu anaogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kutomalizika.

Akafa asubuhi iliyofuata, Jumanne ya tisini na mbili, ungo ukiwa magotini. Maharage hayakumwagika hata moja.

Mhoja alifika na watu wake sita, akavua kofia, akalia kama mtoto, mimi naye tukashikana. Kisha akapangusa uso, akasema, "Tutamzika leo kwa heshima zote. Atafunikwa bendera. Nitachimba mimi mwenyewe."

"Aliagiza aitwe Havijawa."

"Dada, usianze."

"Sijaanza mimi, ameanza marehemu."

"Nikimruhusu mmoja avuke, kesho wataomba mia. Hao watu walituacha tufe, dada! Mwanangu alikufa mikononi mwangu, nikisikia ngoma za arusi zinapigwa Bondeni. Walikuja kumzika, ndiyo. Kuzika wanajua sana. Kuponya hawajui." Akachukua jembe kwenye paa la jikoni, akaenda nyuma ya nyumba.

Nilimfuata. Alipiga jembe la kwanza, la pili, la tatu, udongo mwekundu ukiruka. Wale sita walisimama na majembe yao, hakuna aliyeinama. "Chimbeni!" akasema. Mmoja wao, Shija, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa darajani, akajibu taratibu, "Mkuu, tukichimba sisi, nani atatutoa hapa? Mke wangu yuko mkekani tangu Jumanne ya thelathini. Sijala chakula chake tangu hapo." Mhoja akaendelea kuchimba peke yake. Kwa jembe la saba mikono ilimwishia nguvu akakaa kwenye udongo, jembe mapajani, akitazama kishimo kisichotosha kuzikia hata kuku.

Mtu anaishia wapi?

Kwenye ngozi? Ngozi ya mama ilikuwa bado na joto, na yeye hayupo.

Kwenye jina? Anaitwa marehemu sasa, jina wameshamvua.

Kwenye mstari wa chokaa? Mvua moja.

Basi labda mtu anaishia kwa yule anayejua kwamba alikuwa mchoyo wa chumvi, na yule hakai kwake, anakaa ng'ambo. Labda kipande cha mwisho cha kila mmoja wetu kimewekwa kwa jirani makusudi, ili tusiweze kufunga mlango tukakaa peke yetu. Sijui. Nilikuwa mtu mwenye kilio, na mwenye kilio hufikiri ovyo.

Nilichofanya ni kuchukua kipaza sauti. Zile kurasa tisa nilizitia jikoni, zikawashia moto wa uji. Nikapanda mwamba uliopo nyuma ya nyumba yetu, mahali unapoona korongo lote, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ya nyumbani:

"Wa Juu na wa Bondeni, hamjambo. Ni mimi Nyamizi. Mama yangu Kabula amekufa asubuhi hii. Havijawa, mama amekuita. Wa Juu, kila mwenye msiba usiokwisha, tukutane darajani. Njoo na mkeka wako."

Basi. Hiyo ndiyo hotuba. Mlima uliichukua ukairudia mara tatu, kisha pakawa kimya, nami nikadhani nimeharibu kila kitu.

Halafu nikawaona. Kwanza yule mama wa kijiji cha nne, ameinuka, ameshika kiuno, ameukunja mkeka wake ameuweka kichwani. Nyuma yake wanawe. Kisha kijiji cha tano, cha pili, cha kumi, kwenye kila njia ya mlima watu wenye mikeka kichwani, wanateremka, wazee wameshikwa mikono, na hakuna anayeimba wimbo wa Mhoja wala wa makao makuu. Hawakuwa wanaipigania nchi. Walikuwa wanakwenda kumtafuta mtu wa kuwaambia basi. Ila nilipowatazama kutoka pale juu, jamani, sijapata kuiona nchi waziwazi namna ile, si kabla wala baada. Nililia nikasema asante bila kujua namwambia nani.

Tulipofika darajani Mhoja alikuwa ameshatangulia. Amesimama nyuma ya gogo jeupe pamoja na Shija na marungu yao. Na ng'ambo, mwanamke mnene mwenye kanga mbili na ufagio begani alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapunga upepo. Nyuma yake wanaume wa Bondeni, na majembe, na masufuria.

"Mmechelewa!" Havijawa akapaza sauti. "Tangu niliposikia mlima unaniita nimekaa hapa, nikasema leo manyani wamepata akili. Shija, wewe, meno hayo bado hujayapiga mswaki? Inua mti huo."

"Siwezi, shangazi," Shija akasema, macho chini. "Sina amri."

"Amri ya nani?"

"Yangu," akasema Mhoja.

Havijawa akainuka juu ya ndoo. Akaja mpaka kwenye gogo, akasimama, kifua chake na kifua cha Mhoja vimetenganishwa na mti ule tu. Akamtazama kwa muda. "Pole, baba," akamwambia kwa sauti ndogo. "Pole sana. Kabula alikuwa mama yangu pia." Watu wote wa mikeka walikuwa wamefika, wamejaa mteremko mzima nyuma yetu, unasikia pumzi zao.

"Mlituacha," Mhoja akasema. "Barabara iliishia kwenu."

"Iliishia kwetu, kweli. Niliila mimi? Dai barabara yako! Gomba! Nami nitapanda nije nigombe pamoja nawe, nina mdomo mimi, waulize. Mwanao nilimwosha kwa mikono hii, unadhani sikuuliza dawa zilikuwa wapi? Lakini hukuniita tukadai. Ulinizibia njia ya msiba. Nami nakuuliza, Mhoja bin Kabula, mkijitenga mkapata na barabara, na dawa, na bendera yenye kijani juu, mimi nikifa nani atanitukana?"

Havijawa akajipiga kifua.

"Nina miaka hamsini na tatu. Nimetenda mabaya mengi mazuri, wanayajua manyani wa Juu tu. Wenzangu wa Bondeni watanisifu. Watasema nilikuwa mpole!" Akageuka kwa watu wote. "Mimi, mpole!"

Mahali fulani katikati ya mikeka mtu akacheka. Kicheko kifupi, kikavu, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Mwingine akadakia. Havijawa akamgeukia tena Mhoja, na sasa uso wake ulikuwa wa mtani, umekunjuka, hauna huruma hata chembe.

"Mwana wa mchoyo wa chumvi! Mama yako alikuwa akitupikia anatia chembe tatu anazihesabu! Leo amekufa na mimi ni mtani, na mtani siku ya kilio anachukua anachotaka. Nimeangalia ulichonacho. Shati lako limechanika, silitaki. Kofia yako inanuka. Nachukua gogo hili." Akaliwekea mkono.

Nilimwona Shija akikaza rungu. Nilimwona Mhoja akiinua mkono, na katika mkono ule kulikuwa na kila kitu. Angeushusha kwa nguvu, walinzi wangepiga, na damu ingemwagika pale darajani huku maiti nyumbani haijazikwa, na tungekaa Jumanne hata leo. Angenuna, ameaibika. Mdogo wangu alikuwa amefikiria kila kitu alipochora Mstari wake, majeshi, njaa, wakubwa wa makao makuu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atakuwa mfiwa na kizuizi kitakuwa mali yake. Asiye na watani asingenaswa na kosa lile. Mkono ulikaa hewani.

"Chembe nne," Mhoja akasema.

"Nini?"

"Alikuwa anatia chembe nne. Ya nne ilikuwa yako, alisema chura hapendi chakula kisichokolea chumvi." Na mkono ukashuka usoni kwake, akajifunika macho, mabega yakawa yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka. "Chukua, mtani. Chukua tu."

Shija aliangusha rungu lake na kuwa wa kwanza kushika gogo.

Wa Bondeni walivuka, tukapanda nao sote, mikeka na yote, mpaka nyumbani. Mama alioshwa na Havijawa, mlango umefungwa, na nje tulimsikia akimkaripia kwa unene ambao mama hakuwahi kuwa nao. Wanaume wa Bondeni walichimba. Gogo la mninga walilipasua vipande saba, rangi nyeupe imetazama chini, vikangoja kulazwa juu ya mama kabla ya udongo. Lakini kaburi lilipokuwa tayari Havijawa alivua viatu, akashuka, akajilaza humo na ufagio wake, akafumba macho.

"Sitoki," akasema kutoka chini. "Kunaburudisha. Mhoja, leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Sitoki."

"Ni Jumanne, Havijawa, nilitangaza—"

"Basi nizikeni mimi."

Mhoja akatutazama. Nani wa kumsaidia? Akapiga magoti ukingoni, udongo ukimomonyoka chini yake, akasema, "Sijui. Wallahi, sijui ni siku gani."

"Asiyejua huuliza."

Kisha mdogo wangu, mkuu wa Juu, aliyetuwekea siku yetu wenyewe, akainama ndani ya kaburi la mama yake akamuuliza mwanamke wa ng'ambo, "Jirani, leo ni siku gani?"

"Jumamosi, mjinga wewe," Havijawa akasema. "Ni Jumamosi, na soko la juzi limekupita. Nipe mkono."

Neno lile lilipita kwenye mikeka, Jumamosi, Jumamosi, watu wakiambizana kama habari ya mtu aliyedhaniwa amepotea. Yule mwanamke wa arusi alipiga yowe akajitazama mikono. Tukamzika mama. Wa Bondeni hawakusubiri siku ya tatu kwa wale wa misiba ya zamani. Walishika mifagio palepale, wakafagia mteremko mzima, wakikunja mikeka mmoja mmoja, "Haya, manyani, basi, basi, nendeni shamba," na kila aliyeambiwa basi aliinuka akajinyoosha mgongo, akaanza kuulizia mbegu. Barabara ilidaiwa mwaka huohuo, na Havijawa alipanda kugomba kama alivyosema. Ilichukua miaka sita. Mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya kipaza sauti changu, nakiri.

Lakini jioni ile, kabla hajateremka, Mhoja alimsindikiza mpaka darajani, pasipo na kitu tena, nami nyuma yao. Alimwambia, "Mimi."

"Wewe nini?"

"Uliuliza nani atakutukana."

Na leo asubuhi habari imekuja. Mhoja ana miaka sabini na minne, magoti yake hayafai, na alitoka kabla sijafunga kilemba changu. Nimemfuata nyuma na fimbo yangu. Njia nzima anajaribu matusi, lile hapana, hili hapana, analia, anajifuta kwa mkono wa shati, anaanza upya. Tumevuka daraja na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Tumekuta wa Bondeni wamejiinamia ukumbini, wanamsifu, wanasema alikuwa mpole. Mhoja amepita katikati yao, amesimama kando ya kichwa cha marehemu, amevuta pumzi.

"Havijawa, mvivu mkubwa wewe! Wageni tumetoka milimani kwa miguu, na wewe mpaka saa hizi umelala!"